Mama Amekubali Vituo Vyote

Izigo, Muleba
1 Septemba 2024

Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi mzima, mbu wa bweni nao wazima, na mtihani wa majaribio umekwisha bila kuua mtu. Fizikia ilijaribu, lakini nimeponyoka.

Naandika kwa ajili ya safari. Mama, uliahidi mbele ya Baba na mbele ya sufuria ya wali kwamba nikimaliza Kidato cha Nne tutakwenda Pangani kwa Bibi na gari letu wenyewe, si kwa basi. Mara ya mwisho nilikwenda nikiwa mgongoni mwako, kwa hiyo ile siihesabu. Simu haturuhusiwi hapa, basi tupange kwa barua, Novemba ikifika tusianze kubishana ndani ya gari.

Mapendekezo yangu ni haya. Msinirudishe kwanza Bukoba, maana Izigo iko njiani. Nipitieni na Noah yetu, mtanikuta nimekaa juu ya sanduku langu kando ya lami. Biharamulo tusimame tuone boma la Wajerumani, tupige picha, tuondoke. Kahama tulale. Kesho yake tukifika juu ya mlima Sekenke, tushuke wote tutazame lile bonde chini. Kokuberwa, rafiki yangu wa kitanda cha juu, amepita huko na anasema magari ya huko chini utadhani siafu. Singida tule kuku wa kienyeji karibu na ziwa na tupande yale mawe makubwa. Dodoma zabibu. Morogoro tutaona matunda ya kila aina, ila ndizi hatununui, watu wa Bukoba tukionekana tunanunua ndizi Morogoro ni aibu ya ukoo. Muheza machungwa, halafu Bibi. Na njia nzima tule senene, msimu utakuwa umeanza.

Baba, wewe unaendesha kama mtu aliyetumwa dawa. Nataka ahadi ya maandishi kwamba utasimama.

Mwanenu,
Shadya

*

Bukoba
8 Septemba 2024

Mwanangu Shadya,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu ya kukatia.

Biharamulo, hapana. Boma la Wajerumani lina nini? Kuta. Hata hapa Bukoba kuta zipo, nenda kaziangalie bure. Sekenke, hapana. Baba yako anauza vipuri vya magari ya watu na gari lake mwenyewe breki zinalia. Akilisimamisha pale mlimani tutakuwa sisi siafu. Mawe ya Singida wapande mbuzi. Kuku nitafikiri. Zabibu utaharisha, na Dodoma hadi Pangani ni mbali kwa mtu anayeharisha.

Senene ndani ya gari, hapana, hapana, na tena hapana. Nimeolewa Bukoba miaka ishirini, nimejifunza kula kila kitu chenu, senene ndipo nilipoweka mpaka. Bibi yako akinisikia nanuka panzi hatanifungulia mlango.

Mimi nataka kituo kimoja tu. Tusimame mahali popote penye kivuli na pasipo na watu, tutandike mkeka, nimimine chai, na ninyi wawili mnyamaze. Nusu saa. Hicho ndicho kituo changu.

Ukiandika tena nitakataa tena, halafu labda nitakubali. Mambo huiva hivyo. Siku ya kutembelewa nitakuletea ndizi za nazi, si hizo za maji na chumvi mnazopikiwa huko. Soma. Baba Mkubwa wako Zahoro anatangaza msikitini kwamba ukoo umepata daktari, usije ukamfanya mwongo.

Mama yako,
Maimuna

*

Bukoba
13 Septemba 2024

Kwa Mwalimu Agnetha, Mlezi wa Wasichana

Mwalimu, barua hii analeta dada yangu Siti kwa mkono wake. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Mke wangu Maimuna amefariki dunia jana. Alfajiri aliamka kuinjika uji, presha ikampanda, akaanguka jikoni. Tulimfikisha hospitali akiwa anapumua. Kabla ya adhuhuri alikuwa ametutoka. Tumemzika baada ya Alasiri hapa Bukoba. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Utauliza kwa nini sikuja kumchukua Shadya. Gari lilikuwepo, na kutoka hapa hadi Izigo ni mwendo wa saa moja. Ufunguo nilikuwa nimeushika. Kaka yangu Zahoro, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, akasema mtoto akimwona mama yake kwenye jeneza leo, mtihani wa Novemba hana. Akasema Maimuna mwenyewe alitaka binti awe daktari, basi aambiwe akishamaliza. Wazee wote wakaitikia. Desturi hii unaijua, Mwalimu, nadhani hata ninyi huko kwenu Kaagya mnayo. Nikauweka ufunguo mezani nikaenda kuzika.

Nakuomba asiambiwe na mtu yeyote. Wasichana wa Bukoba wanaokwenda kwao kutibiwa, uwaonye wanaporudi. Barua zake zije kwangu, nitamjibu mimi.

Sijui nitamjibu nini.

Hamidi

*

Izigo
16 Septemba 2024

Ta Hamidi,

Pole sana, waitu, ndugu yangu. Pole kwako na kwa nyumba yote. Nilisoma barua yako nikiwa stoo ya magodoro, mahali pekee hapa penye mlango unaofungika, na nikakaa humo mpaka kengele ya chakula.

Nimewaambia walimu wawili tu. Shadya hajui. Ile barua ya mama yake ya kukataa vituo bweni zima wameisoma, sasa wasichana wanaambiana "hapana, hapana, na tena hapana" hata wakiombana sabuni. Jana alinijia na ramani ya jiografia akaniuliza kati ya Kahama na Sekenke ni wapi penye miti ya kivuli. Nilimwambia sijafika huko. Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa jambo la mwisho la kweli nililomwambia.

Nitatimiza ulichoomba kwa sababu wewe ndiye mzazi. Lakini niseme, unisamehe. Desturi hii naijua, nimeitumikia kwa watoto wengi. Wazee hukaa wakaamua, wakaondoka. Siku mtoto anapoambiwa, anayebaki naye sakafuni ni mimi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu mtihani. Wote huuliza, "Mwalimu, ulikuwa unajua?"

Agnetha

*

Izigo
20 Septemba 2024

Mama mpendwa, mkataaji mkuu,

Shikamoo. Nimekuja mezani kwa mazungumzo. Boma la Biharamulo nimekuachia, nipe Sekenke. Mawe ya Singida sitapanda, nitayagusa tu, wewe utanishikia viatu. Senene nitawala nikiwa nimetoa kichwa dirishani, na Bibi tutamwambia ni harufu ya Baba.

Kituo chako nimekitafutia mahali. Ukitoka Biharamulo kwenda kusini kuna msitu mrefu, barabara inapita katikati na nyumba hakuna. Hapo tutatandika. Nusu saa ya kunyamaza naiweza, wa kumwangalia ni Baba, atataka kufungua boneti.

Nijibu upesi. Nikisoma kemia naona barabara, bora tumalize kupanga ili nione kemia.

Wako,
Shadya

*

Bukoba
27 Septemba 2024

Binti yangu Shadya,

Nimepokea barua yako. Naandika mimi kwa sababu mama yako amemwagikiwa na mafuta ya moto mkono wa kulia, hawezi kushika kalamu. Si jambo kubwa, usiwe na wasiwasi. Nimemsomea barua yako yote.

Amekubali Sekenke. Amesema breki nizitengeneze, na nimekwishaanza. Singida amekubali, na mawe uyapande ukitaka. Dodoma zabibu amekubali. Biharamulo pia amekubali, anasema ni vizuri mtoto aone historia. Senene hata ndani ya gari.

Ule msitu nimempa habari zake, ameupenda. Mkeka nimeshauweka kwenye gari tayari. Kama kuna kituo kingine unachotaka, andika, mwanangu. Andika chochote. Nitasimama kila mahali utakapotaka, hata kama ni mara kumi, na nikikimbiza gari niambie.

Soma sasa kemia yako.

Baba yako,
Hamidi

*

Bukoba
8 Oktoba 2024

Mwalimu Agnetha,

Ahsante kwa Jumapili, siku ya kutembelewa, kwa kuja kukaa karibu nasi uliponiona nimekwama. Alikuwa ameniuliza kidonda cha mama kimekauka au bado kinatoa maji, mimi nikaanza kufungua hotpoti upya.

Ninataka mtu mmoja ajue hali yangu, nyumbani siwezi kusema. Kaka Zahoro akiniona nimeinama ananiambia, "Jikaze, tunalinda mtoto." Watu wanakuja kunipa pole, nasema ahsante, halafu naketi kuandika kwamba marehemu amependa msitu. Mke wangu hata sijamlilia vizuri. Kila nikitaka kumlilia nakumbuka ninapaswa kumweka hai mpaka mwisho wa Novemba. Kumuua sikumuua, lakini kumzika najiona bado.

Nilipokuwa naondoka, Shadya alifunga andazi kwenye karatasi ya daftari, akaniambia, "Mpelekee Mama, mwambie nimejifunza kuyakanda mwenyewe." Nililibeba mpaka Bukoba. Kufika mlangoni sikujua nilipeleke wapi. Nilirudi ndani ya gari nikafunga vioo, nikalila mwenyewe nikilia kama mtoto, na majirani wanapita wananipungia mkono.

Niombee kwa namna yenu.

Hamidi

*

Izigo
28 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo.

Barua hii si ya vituo. Nataka kukuuliza mambo, na unijibu kama mtu mzima anavyomjibu mtu mzima.

Siku ya kutembelewa ulikuja peke yako, shati halijapigwa pasi, umekonda. Chakula ulicholeta ni ndizi za maharage zilizopikwa Kihaya. Zilikuwa tamu, sitaki kusema uongo, lakini nazi haikuwemo hata tone. Mama hata akiwa na mkono mmoja angesimama nyuma ya mtu jikoni mpaka nazi iingie. Nikajiuliza, nani anapika nyumbani kwetu?

Wiki iliyopita msichana wa Kidato cha Pili amerudi kutoka Bukoba kutibiwa. Bila kujua, akaniambia amepita na bajaji mbele ya kwetu, ameona turubai limefungwa, sufuria kubwa za pilau, wanawake wamejifunga kanga, watu wanaingia na kutoka. Akanipa hongera, kwenu kuna shughuli. Baadaye nikamrudia anieleze zaidi, akawa ananikwepa na kusema hakuona vizuri. Mwalimu Agnetha naye nikimtaja Mama anatafuta kazi ya kufanya. Shule nzima inajua, mimi tu ndiye sijui.

Na kubwa kuliko yote ni barua yako. Mama amekubali Sekenke, amekubali Singida, amekubali senene ndani ya gari. Baba, Mama hajawahi kukubali jambo lolote mara ya kwanza. Hata wewe ulimposa mara tatu, ulinisimulia mwenyewe. Vituo vile umejikubalia wewe, Mama hukumuuliza kwa sababu Mama hayupo nyumbani.

Umeoa mke mwingine. Mama hakuvumilia, amekwenda kwao Pangani. Lile turubai lilikuwa la harusi yako, na pilau ile mlikula wakati mimi hapa napanga mahali pa kutandika mkeka wa watu watatu.

Nijibu ndiyo au hapana. Sitaingia chumba cha mtihani mpaka nijue mama yangu yuko wapi.

Shadya

*

Izigo
30 Oktoba 2024

Ta Hamidi,

Nadhani umeshaipata barua yake. Turubai aliloambiwa ni la arobaini ya marehemu, wewe na mimi tunajua. Yeye ameligeuza harusi, na sina namna ya kumkatalia bila kumwambia lilikuwa la nini.

Tangu Jumatatu hali chakula. Vitabu amevifungia sandukuni, na ufunguo amempa Kokuberwa. Ameniambia, kwa upole kabisa, kwamba hataki udaktari wa mtu aliyemfukuza mama yake. Kwa hiyo mtihani ambao tumeufichia kila kitu unakwenda hivihivi.

Nakuomba ruhusa nimwambie. Au uje wewe umwambie, leo au kesho. Atalia, ataanguka, tutakaa naye. Watoto huweza kulia na kufanya mtihani, nimewaona. Lakini hili la kuwaza baba ni mbaya na mama amemkimbia, halina hata watu wa kukaa nalo matanga.

Nangoja neno lako.

Agnetha

*

Bukoba
2 Novemba 2024

Mwalimu,

Pamoja na barua hii iko ya Shadya. Umpe wewe.

Nilikwenda kwa kaka na barua zenu zote mbili. Alisoma, akafikiri, akasema, "Basi mwache aamini. Chuki haimzuii mtu kuandika mtihani, msiba ndio unaozuia." Mwalimu, nilitaka kubisha. Lakini kuna kitu kilichonishika ambacho si kaka. Nikaona kwamba katika barua ya Shadya mama yake yuko hai. Yuko Pangani, amekasirika, anapika kwa nazi kwa mama yake. Nilipoisoma hata mimi, kwa muda mfupi, nilimwona huko. Ningewezaje kumwandikia mtoto kwamba hapana, hata huko hayupo?

Afadhali anichukie mimi huku ana mama. Akimaliza nitakuja Ijumaa ya tarehe 29 na dada Siti, nimwambie ana kwa ana, anifanye atakavyo.

Ninajua unaniona mtu dhaifu. Hujakosea.

Hamidi

*

Bukoba
2 Novemba 2024

Shadya, binti yangu,

Ulitaka ndiyo au hapana. Ni ndiyo.

Mama yako yuko Pangani kwa Bibi yako. Hajambo. Alikwenda bila kukuaga kwa sababu hakutaka kukuvuruga. Yeye hana kosa hata moja, usimlaumu. Kosa ni langu mimi.

Anataka ufanye mtihani. Hilo nakuapia, ndilo alilotaka siku zote. Fanya kwa ajili yake, usifanye kwa ajili yangu. Mimi utanichukia ukimaliza, nitakuwepo, sitakwenda popote.

Ijumaa tarehe 29 nitakuja kukuchukua, tutazungumza.

Baba yako

*

Singida
Ijumaa, 29 Novemba 2024

Baba,

Leo ndiyo siku uliyosema utakuja Izigo. Umenikosa, na nadhani sasa hivi Mwalimu Agnetha anawauliza wasichana mabwenini nimekwenda wapi. Mwambie anisamehe, nilimuaga kwamba nakwenda Bukoba na wenzangu. Barua hii nampa kondakta wa basi linalopanda huko, ameahidi kuifikisha dukani kwako.

Nimekwenda kwa Mama. Jumatano nilimaliza karatasi ya mwisho, na jioni ileile niliwauzia wa Kidato cha Tatu godoro, ndoo na sanduku. Jana alfajiri nilipandia basi Muleba, nikalala Kahama kwa shangazi yake Kokuberwa. Leo nimefika hapa, basi lina dakika arobaini za chakula na mimi nimemaliza kula mapema. Kuku wa Singida ni mtamu kama walivyosema. Nimefunga paja moja kwa ajili ya Mama, ingawa najua atasema limechacha, na pengine litakuwa limechacha kweli.

Basi halisimami mtu anapotaka. Biharamulo boma sikuliona, kile kituo cha msituni kilipita nikiwa nimebanwa na gunia la mtu. Sekenke dereva alisimama mwenyewe, gurudumu lilikuwa na moto. Nilishuka nikatazama bonde. Ni kubwa mno, Baba, na Mama hakosei mara nyingi lakini kwa Sekenke amekosea. Nitamleta. Nimekwishapanga upya, mimi na yeye tu, kwa basi, na yeye akae dirishani. Akikataa nitamwacha akatae mpaka aive.

Nilikuwa na hasira naye pia, sikukuandikia. Nilijiambia mama gani anaondoka bila kuja kumuaga mwanawe aliye mwendo wa saa moja tu. Kwa wiki zote za mtihani nilikuwa namgombeza kichwani. Sasa hasira zimekwisha. Tangu asubuhi nacheka peke yangu, abiria mwenzangu ananiona sina akili. Nikifika nitabisha hodi kwa sauti nzito nijifanye muuza samaki.

Wewe bado sijakusamehe. Lakini leo nina furaha, siwezi kukasirika vizuri.

Honi inalia.

Shadya

*

Pangani
2 Desemba 2024

Baba,

Umepiga simu mara nyingi na Mjomba Hafidhi amenipa kila mara, mimi nikakataa. Sauti yako nimeizoea ikiniambia "Mama anakusalimu." Ndiyo maana naandika.

Mjomba nilimkuta stendi ya Tanga anachungulia kila basi linaloingia. Nikajua umempigia. Nikamuuliza mbona Mama hakuja kunipokea, akasema twende nyumbani kwanza. Njia yote ya kuja Pangani nilimsimulia Sekenke, nikamsimulia kuku, na yeye anaitikia tu "ee," "ee," huku anatazama mbele. Baadaye nimejua uliomba asiniambie mpaka wewe ufike. Hata yeye mlimpa zamu yake.

Bibi hakuna aliyemwambia anyamaze. Nilibisha hodi, akatoka amejishika ukutani, akanikumbatia, akasema, "Mjukuu wangu, nimekungoja sana uje tulie wote."

Nikamwambia, Bibi, tumlilie nani?

Sitakuandikia yaliyofuata.

Nilipoweza kusema niliomba nipelekwe kaburini. Mjomba akasema kaburi liko Bukoba. Baba, mama yangu amelala mwendo wa saa moja kutoka kitandani kwangu, tangu Septemba, na mimi nimesafiri siku tatu nikimpa mgongo. Kila kituo nilichofurahi kushuka kilikuwa kinanipeleka mbali naye zaidi. Paja la kuku nililomfungia aliligundua Bibi kwenye mkoba, akaniuliza ni la nani.

Mwezi mzima nilikuwa namwombea mkono wake upone. Watoto wengine huwaombea mama zao rehema, mimi kila sala naomba kidonda cha mafuta kikauke. Nikaacha, nikaanza kumgombeza kwa kuniacha. Kumbe alikuwa na nani wa kumwombea, kama si mimi? Zile siku arobaini zilikuwa zangu, Baba. Mlizikaa ninyi, mkala pilau, mkakunja turubai.

Najua ulidhani unanilinda. Bibi anasema unaumia, anasema niwe na huruma na mjane. Huruma ninayo. Niliisoma upya ile barua ya mama kukubali vituo vyote nikaona mahali ulipolia. Lakini nikifikiria kurudi kukaa nawe meza moja siwezi, kwa sababu kila utakachoniambia kuanzia sasa, hata kwamba mvua inanyesha, nitatoka nje nikaangalie.

Usije. Nitakaa hapa na Bibi, tunalia kwa zamu. Nitakapoweza nitakuja Bukoba kaburini, nitakwenda na kurudi, na sitapita nyumbani.

Mwambie Baba Mkubwa Zahoro kwamba mtihani niliufanya vizuri.

Shadya